Kuku Aliyetangulia Mlangoni

Mimi sikusoma. Darasa la pili sikulimaliza, nikarudishwa kwenye ng'ombe, kule Ushetu. Kusoma nilifundishwa na mke wangu nikiwa mtu mzima mwenye ndevu, na kitabu tulichokuwa nacho nyumbani kilikuwa kimoja tu, Maandiko Matakatifu. Kwa hiyo mtu asije akanieleza kitabu kile kana kwamba ananionyesha mji nisioujua. Nimekisoma tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na nikimaliza naanza upya. Siruki. Duara, yaani shimo la dhahabu, huwezi kuliruka pale penye mwamba mgumu ukasema utaendelea mbele kwenye udongo laini. Unapita hapohapo.

Siku hizi macho hayataki. Ni vumbi la karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, miaka mingi. Ninayo ya kwangu, na nyumba ninayo hapa Kalangalala, niliyoijenga bila mkopo wa mtu. Binti yangu anauza samaki Chato. Mjukuu wangu akaletwa kwangu kwa ajili ya shule, akiwa na miaka tisa, na ndiye akawa macho yangu. Jioni nikitoka kwenye karasha alikuwa ananisikia getini kabla sijagonga, anatoka mbio, shikamoo guku, ndivyo tunavyomwita babu kwa Kisukuma, ananivua kofia anaikung'uta vumbi kwenye nguzo. Halafu tunakaa barazani, ananisomea sura moja kabla ya chakula. Mjane wa kiume akishakuwa na mtu wa kumpokea getini, anasahau kabisa kwamba ni mjane.

Katika Agano la Kale tukafika kwenye habari ya yule shujaa aliyeweka nadhiri. Aliahidi kwamba akishinda vita, chochote kitakachotoka mlangoni kwake kumlaki atakitoa sadaka ya kuteketezwa. Akashinda. Akarudi nyumbani, na aliyetoka ni binti yake wa pekee, anacheza kwa furaha. Na nadhiri ikatimizwa. Mtoto alisoma vizuri, bila kukwama. Alipomaliza aliacha kidole juu ya mstari wa mwisho. Mimi nikamwambia afunge, sura nyingine kesho, aende akaangalie ugali. Kwangu ilikuwa sura kama sura nyingine.

Kesho yake nilipofika getini alitoka kuku kwanza. Tetea mwekundu, amesukumwa, mabawa juu. Mtoto akatoka nyuma yake, akaniamkia akiwa bado ameshika mlango. Sikufikiri kitu. Siku iliyofuata, kuku tena. Nilicheka, nikamuuliza kama siku hizi nyumba yangu inapokea wageni kwa kuku. Hakucheka. Akaniita babu, kama anavyoita wazee wa barabarani.

Ilinichukua muda kuelewa, na nilielewa nikiwa kwenye karasha, naangalia jiwe likisagwa: kuku alitangulizwa ili, kama kuna cha kutolewa, awe yeye. Huku kwetu mwenye duara hachimbi kabla ya kuchinja. Awe Mkristo, Mwislamu au hana dini, anachinja. Mimi nilichinja mbuzi mweusi mdomoni mwa shimo, nikasema maneno ya kusema, nyama ikaliwa. Hata mwinjilisti wetu wa wakati ule alikula, tena akaomba kichwa. Hadithi hiyo mjukuu wangu nilimsimulia mara nyingi, kwa sababu naipenda. Na masika ileile duara lilipoanza kutoa dhahabu, mke wangu alikufa kwa uzazi, yeye na kichanga. Watu wakasema wanayosema machimboni mtu akipata mali: kwamba mbuzi alikuwa wa kuonyesha watu, kafara yenyewe ilikuwa ndani ya nyumba. Nilisikia. Sikujibu. Mtu aliyeinuka kwa mikono yake hana haja ya kujibu maneno ya kilabuni.

Sikujua kwamba maneno hayo yamefika hadi shuleni.

Jioni ile nilimkalisha chini nikamwambia aseme kilichomo moyoni. Alikaa akichokonoa mkeka. Halafu akauliza, taratibu kabisa:

"Babu, pale kwenye duara ulisema mbuzi, au ulisema kitakachotoka?"

Nimeshaulizwa mengi na polisi, na maofisa wa madini, na watu wenye mapanga. Hakuna aliyenibana kama yule mtoto.

"Nilisema mbuzi," nikamwambia. "Nilimnunua mnadani, nikamleta kwa kamba. Bibi yako alikufa kwa damu, hospitali ilikuwa mbali na mvua imekata barabara. Hakutolewa na mtu."

Akatikisa kichwa kwamba amesikia. Kesho yake kuku akatangulia kama kawaida.

Nikampigia simu mama yake. Akapanda basi la asubuhi, akafika na hasira zake zote na kapu la sato. Akasema mambo kama yale nani anamsomesha mtoto, mimi nina akili gani, kurasa zile zingefungwa mpaka mtu awe mkubwa. Nikamwambia kitabu ni cha Mungu, si cha kwangu, sina mamlaka ya kukipunguza. Tukaenda kwa mchungaji, atuamue. Mchungaji ni kijana mwenye adabu. Alituambia kwamba watoto wa Jumapili hawafundishwi sura ile. Wanafundishwa Samsoni. Nikamuuliza, Samsoni mpaka wapi? Akajibu mpaka nywele, macho wanayaacha. Nikamwonyesha kitabu chao cha watoto kilichokuwa mezani, safina imejaa twiga wanaocheka. Nikamuuliza waliozama wako upande gani wa picha. Akasema, "Mzee wangu, kila chakula na umri wake." Binti yangu akasema ndiyo hayo. Nikaona niko peke yangu, wawili kwa mmoja.

Njiani kurudi, binti yangu alitembea mbele yangu, halafu akasimama penye kivuli cha duka la saruji.

"Baba, mimi sikuisoma sura ile. Mama alipokufa nilikuwa na umri wa huyu. Maneno ya watu niliyasikia yote, na wewe hukusema kitu. Unafikiri sikujiuliza?"

Nikamuuliza alijiuliza mpaka lini.

"Mpaka nilipojifungua mimi mwenyewe," akasema, "nikaona damu inavyokwenda."

Kwa hiyo mwanangu, niliyemlea peke yangu, nikimsuka nywele vibaya mpaka majirani wanamhurumia, alikula ugali wangu miaka yote ile akiwa hana hakika kama nilimuua mama yake. Hakuna sura iliyosomwa, hakuna swali lililoulizwa. Watu wanaotaka kuwafungia watoto kurasa, hilo hawaniambii. Maneno mabaya hayangoji mtoto akue. Yanamfuata hata pale bombani anapochota maji, na huko hakuna mchungaji wa kumwambia tuishie kwenye nywele. Mjukuu wangu aliuliza kwa sababu kitabu kilimpa neno la kuulizia. Mama yake hakupewa.

Nilimwambia hivyo binti yangu. Alinisikiliza. Akasema huenda ni kweli, lakini mtoto anaogopa kutoka mlangoni, na mtoto ni wake. Ukweli wangu haukumfanya mtoto apite mlango ule.

Kesho yake wakaondoka na basi la saa nne. Mtoto aliniaga vizuri, akanipa mkono. Sikumvuta kifuani.

Maandiko yapo palepale tulipoacha. Vijana wa karasha wamejitolea kunisomea, nimekataa. Jumapili mtoto hupiga simu kwa simu ya mama yake, na juzi aliniuliza tumefika wapi. Nikamwambia hatujafika popote, namngoja. Nikasikia wavuvi wanabishana bei nyuma yake. Halafu akauliza kama yule kuku yupo.

Yupo. Jioni nikifungua geti anatoka mwenyewe siku hizi, hakuna wa kumsukuma, anakuja mbio mpaka miguuni kwangu. Namtupia mahindi, navua kofia, nakung'uta vumbi mwenyewe. Jirani ameniuliza kuku mnono vile ananingoja sikukuu gani. Nimemwambia huyo hachinjwi.