Mume wangu amejifanya marehemu kaka yangu wa redioni

Admin, funika jina langu. Jina la redio nimeliacha mwenyewe, maana nikilitaja tu nusu ya watu wetu hapa Durban watajua ni nani anaandika. Nina miaka arobaini na nne, Mtanzania wa Kigoma, nashona nguo hapa Berea. Mume wangu ni Mkongo wa Kalemie, anafanya kazi kwenye ghala huko Mobeni. Tuna watoto wawili. Naandika nikiwa na kinyaa, kwa hiyo mnisamehe nikikosa adabu.

Mliokulia kandokando ya Ziwa Tanganyika mtaikumbuka ile redio ya muziki iliyokuwa inashika kwa masafa mafupi, upande ambao siku hizi hata redio zenyewe hazina. Ilipiga muziki wa vijana kutwa nzima, na jioni kulikuwa na kipindi cha salamu. Mtangazaji wa kipindi hicho alikuwa kaka yangu. Hewani alijiita Mzee wa Zamu, na alikuwa kijana mbichi kabisa. Alianza hivi: "Hamjambo wenye redio, hamjambo na ninyi mnaosikilizia dirishani kwa jirani." Kigoma, Uvira, Kalemie, watu walikuwa wanaacha ugali upoe. Sauti waliijua wote, sura hawakuijua. Kifua kilimsumbua, akafariki, kifo chake hakikutangazwa hewani, na baadaye redio nayo ikafungwa.

Hapa Durban watu wa kwetu wakikutana hawakosi kuizungumzia, nami sikuwahi kuwaambia kwamba yule mtangazaji ni kaka yangu. Basi kwenye harusi moja mume wangu, ambaye ndiye alikuwa MC, akaiga ile salamu ya kaka. Ukumbi mzima ukasimama. Mama mmoja muuza vitenge akamshika mkono, akamuuliza, "Papa, kumbe Mzee wa Zamu ni wewe?" Mume wangu akacheka, akainamisha kichwa kama bibi harusi. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Tunarudi nyumbani, tumesimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, nikamwambia Jumapili awaambie watu ukweli. Akajibu, "Sharp, nitasema." Hakusema. Sasa anaitwa Mzee wa Zamu mpaka kanisani, anapewa kiti cha mbele, anasimulia alivyokuwa anachagua nyimbo. Studio ile hakuwahi kuona hata mlango wake. Alikuwa msikilizaji tu kama wao.

Hayo ningeyameza. Ila nilikuwa na kaseti moja ya kaka, niliirekodi mwenyewe kutoka redioni nikiwa msichana. Mwisho wa kipindi alikuwa anamsalimia mama: "Salamu za mwisho ni za mama yangu, najua maharage yameshaungua kwa ajili yangu." Na kweli yalikuwa yanaungua, mama hakuwa anaondoka kwenye redio mpaka mtoto wake amalize. Kaseti hiyo naihifadhi ndani ya khanga, chini ya vitambaa vya wateja. Mwezi uliopita nilimkumbuka kaka, nikaiweka nisikilize. Ikatoka sauti ya mume wangu.

Alikuwa amerekodi juu yake. Maneno ya kaka, salamu za kaka, hadi maharage ya mama, vyote kwa mdomo wake. Kisha akaipiga video ikizunguka, akawatumia watu wa hapa wenye kundi lao la simu la wasikilizaji wa zamani, iwe ushahidi. Mwishoni kabisa alizima mapema, kukabaki kipande kidogo ambacho hakukifuta. Kaka anakohoa. Sauti nyingine ya kaka yangu sina duniani.

Nilimfuata mezani na kaseti mkononi. Hata kijiko hakuweka chini. "Sasa juu ya nini unalia? Ile kaseti ilikuwa ya zamani, ingeharibika tu. Watu iko na furaha. Problème iko wapi?"

Nikamwambia problème itakuwa ukumbini. Mwisho wa mwezi huu wasikilizaji wa zamani wanamfanyia sherehe, na mimi kama mke nimepangiwa kuongea. Nikamwambia nitashika maikrofoni na nitasema yote. Akanitazama, akaendelea kula. Nilidhani ameogopa.

Kesho yake mama akapiga simu kutoka Kigoma. Mama yangu haoni tena, ni masikio tu yamebaki. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Mwanangu, nimemsikia kaka yako. Sauti imenenepa kidogo, lakini ni yeye. Amenisalimia na maharage yangu. Mkwe wangu Mungu amzidishie."

Mume wangu alikuwa ameirusha ile sauti kwenye simu ya mdogo wangu anayeishi na mama. Kwa watu wa Durban, Mzee wa Zamu ni yeye. Kwa mama, yeye ni mkwe mwema aliyeokoa sauti ya marehemu. Anajua nikisema ukumbini watu watarekodi, na kabla ya usiku habari itakuwa imefika Kigoma. Amemkamata mama yangu ili anifunge mimi mdomo. Nilikwenda chooni nikatapika, na sisemi kwa mfano. Tangu siku hiyo siwezi kula naye sahani moja, akinigusa bega ngozi inanisisimka, na akisema "hamjambo" natoka chumbani.

Mdogo wangu anasema mama anapigiwa ile sauti kila jioni, na ameanza kula vizuri. Jana mama amemwomba mkwe wake nyingine. Ameuliza kama kuna ya siku ambayo kaka alikuwa anaumwa kifua akatangaza hivyo hivyo, maana siku hizo ndizo alizokuwa anamwombea sana.

Nyie mlio nje ya nyumba hii, niambieni mngekuwa mimi mngefanyaje. Nikisema, namzika kaka mara ya pili mbele ya mama yangu. Nikinyamaza, nitaishi na huyu mtu. Na mniambie mapema, kwa sababu hivi ninavyoandika amejifungia chumbani na simu yake, na ninamsikia kupitia ukuta. Anafanya mazoezi ya kukohoa.