Eti Ng'ombe wa Mahari Wapande Mtumbwi

Nimeomba jina langu lifichwe, maana hapa Garsen hata kikohozi kinajulikana ni cha nani. Mimi ni mwanamke wa Kipokomo, umri ishirini na kitu. Mama anasema nilizaliwa mwaka ule mto ulipohama. Nina mimba, na aliyenipa yuko ng'ambo ya mto, kwa adui.

Ni Muorma. Kabla ya vita Waorma walikuja kunywesha ng'ombe hapa, tukawapa mahindi, wakatupa samli. Huyu alikuwa mrefu, mzuri, na anajijua. Vita vilipoanza watu wake walichoma mashamba yetu, binamu yangu akauawa. Kaka zangu nao si malaika: walikwenda kuchoma boma lao wakarudi wakiimba, kana kwamba moshi unaliwa. Na Mdachi ametundika bendera yake kule Witu, anasema nchi imetulia! Aje basi alime hapa.

Wazee waliamuru mitumbwi yote ijazwe matope na kuzamishwa, adui asipate cha kuvukia. Mimi nimekuwa nikiibua mmoja mdogo asubuhi, najifanya naenda kutega samaki, kumbe naenda kwake. Naye samaki hali. Huniambia nanuka samaki, huku amening'ang'ania.

Leo asubuhi nikamwambia nina mimba yake. Akafurahi, nami mjinga nikalia. Kisha akasema, "Mimi nakuja oa wewe. Leta mtumbwi ile kubwa."

"Mkubwa wa nini?"

"Ya ng'ombe. Ng'ombe ya mahari."

Jamani! Mtu aliyekulia zizini ananiambia ng'ombe wapande mtumbwi! Tangu utotoni nawaona Waorma wakivusha ng'ombe kwa kuogelea, mchungaji kashika mkia. Anayehitaji mtumbwi mkubwa ni kundi la wanaume wenye mikuki wasiotaka kukutana na mamba. Angalau angenitungia uongo wenye akili. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba ameniona mpumbavu kiasi hicho.

Nikamwambia, "Njoo peke yako, nitakuvusha mwenyewe, ukae kwa baba."

Akacheka. "Mimi kaa na wala samaki?" Kisha akaniwekea mkono tumboni, taratibu, akasema atanisubiri kesho palepale. Mkono ule, Mungu anisamehe, bado naupenda.

Kujifungia nyumbani hakusaidii. Ameshaona ninapotokea, anajua mitumbwi ilipozamishwa. Nisipokwenda atatuma mtu aogelee aje kuiibua. Nikisema kwa wazee, watamvizia na kumuua, na mwanangu atakua akiwaita wajomba watu waliomuua baba yake.

Msiniambie nimsahau. Nani kati yenu aliwahi kusahau kwa kuambiwa? Mnaojua kushauri nishaurini hili tu: kesho nishuke mtoni peke yangu na kafi, au nishuke na kaka zangu?