Chupa kwenye Mlango wa Friji

Kila asubuhi, kabla hajatundika mkoba wala kuitikia salamu ya mtu, mfamasia alikuwa akiinama mbele ya friji ya dawa, anasoma kipimajoto, kisha anasema kwa sauti, "Tumelala salama." Hapo ndipo alipogeuka na kuwaamkia watu. Wateja walishamzoea. Walimbandika jina la Mama Baridi, na wenye utani walisema mumewe akitaka kuulizwa hali na yeye, basi aingie humo frijini.

Kwa masharti ya dawa hakuwa na mchezo. Fundi saa wa ng'ambo ya barabara alimletea siku moja chupa ya dawa ya kifua, akaisukuma taratibu juu ya kaunta.

"Mpe mgonjwa mwingine, mama. Hata kifuniko hakijaguswa."

"Baba, dawa ikishavuka mlango huu ni kama neno lililotoka mdomoni. Hairudi rafuni. Nitajuaje ililala wapi?"

"Ililala na mimi chumbani, na mimi ni mtu wa heshima zangu!"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alimwonyesha kisanduku cha bati ukutani, chenye kufuli na mdomo mwembamba. Dawa zilizobaki, zilizopitwa na muda, zilizoachwa na marehemu, zote zilitumbukizwa humo. Kikijaa, watu wa tanuru hukichukua na kufuli lake, wakaenda kuchoma kila kitu.

"Si chooni, si jalalani," alisema. "Na zile unazotumia, usizitoe kwenye boksi lake. Wala usiziweke kwenye mlango wa friji. Hapo joto linaingia kila mtu anapotafuta maji ya kunywa."

Fundi saa aliondoka na chupa yake, akinung'unika kwamba hata waganga wa kienyeji hawana miiko mingi hivi.

Lakini wahenga walishasema mganga hajigangi. Nyumbani kwa mfamasia, kwenye mlango wa friji, pembeni ya mayai, zilisimama chupa mbili ndogo nyeupe. Moja ilikuwa ya mama mkwe wake, aliyekuwa na presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limeshazima, na hilo la kulia lilitegemea matone ya asubuhi na jioni. Ya pili ilikuwa ya sikio la mumewe. Sikio lilipona zamani, boksi likalowa likatupwa, chupa ikabaki. Kila alipoiona alijiambia, kesho naipeleka kazini. Kesho ikawa na kesho yake.

Simu ilimkuta dukani, anamhesabia mteja vidonge. Alikuwa wifi yake, aliyekuja kumtembelea mama.

"Wifi, njoo! Mama katia dawa jichoni, sasa analia linaungua!"

"Mwoshe kwa maji safi, mengi! Usiache kuosha mpaka mfike hospitali. Na ile chupa, njoo nayo."

Walikutana kwenye korido ya hospitali. Wifi alimtia chupa mkononi bila kuitazama. Mfamasia aliitazama mara moja tu. Ilikuwa ya sikio.

Ndani, daktari aliuliza dawa za nyumbani anazitunza nani.

"Mimi mwenyewe," mama mkwe aliwahi kujibu, kitambaa kikiwa kimefunika jicho lake zima. "Uzee, mwanangu. Mtu mzima nashika hiki naona kile. Mkwe wangu huyu ni mfamasia, angekuwepo asingeniacha nifanye ujinga. Mpangilio wake wa dawa, ungeuona!"

Daktari alimgeukia mfamasia, akatabasamu kama mtu na mwenzake wa kazi. "Basi wewe unajua zaidi yangu. Hizi ajali za wazee, utafanyaje?"

Mfamasia aliona uso ukimwaka mpaka masikioni. Alipokumbuka mkono wake, chupa ilikuwa imeshaingia mfukoni.

Siku zilizofuata mama mkwe alikaa kitandani na bandeji, akijipunguza kidogo kidogo. Kwanza aliacha kujimiminia chai. Kisha akaacha kwenda uani bila kushikwa mkono. "Mimi sasa mtoto," aliwaambia majirani waliokuja kumpa pole, huku akicheka peke yake. "Leo nimekosea dawa, kesho nitachoma nyumba." Mfamasia alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Aliliweka chini, akarudi jikoni, akasimama akiukodolea macho mlango wa friji.

Asubuhi ya kutolewa bandeji, wifi ndiye aliyempeleka mama hospitali. Mfamasia alikwenda kazini, akainama mbele ya friji, akasoma kipimajoto. Maneno yake ya kila siku hayakutoka.

"Leo hatukulala salama?" mtu aliuliza nyuma yake. Ni fundi saa, na chupa yake ya kifua. Aliitumbukiza kisandukuni, ikalia ko! "Umenishinda, Mama Baridi. Leo nitalala peke yangu. Watu wote wangekuwa kama wewe, hakuna ambaye angedhurika."

Alipotoka, mfamasia alisimama mbele ya kisanduku. Chupa ya sikio ilikuwa mfukoni tangu siku ile. Aliitoa, akaifikisha kwenye ule mdomo mwembamba. Akiiachia tu, imekwisha. Watu wa tanuru hawamuulizi mtu kitu. Kanuni yake mwenyewe ingemfichia siri yake. Aibu ilimshika, akairudisha mfukoni.

Aliporudi nyumbani alimkuta mama mkwe ameketi kitandani, bandeji imetolewa. Jicho lilikuwa jekundu, lakini lilimfuata tangu mlangoni.

"Naona ukungu ukungu," mama alisema. "Daktari anasema utaondoka. Wewe nakuona, umekonda."

Miguuni pake palikuwa na begi limeshafungwa zipu. Wifi alisimama dirishani, mikono kifuani.

"Anataka kuhamia kwangu," wifi alisema. "Nimembembeleza abaki, nimechoka. Eti hajiamini tena, asije akakuletea balaa ndani ya nyumba."

Mfamasia alipiga magoti, akaitoa chupa, akaiweka kwenye kiganja cha mkwewe. Mama aliisogeza karibu na jicho, akaigeuza huku na huku, akaipapasa kwa kidole gumba.

"Mwanangu," alisema pole pole, "hii chupa niliiweka mimi pale kwenye friji? Maana nakumbuka kila kitu, hilo silikumbuki."

"Hapana, mama. Niliiweka mimi."