Chumba Cheupe na Sanduku la Mama Tekla

Nakumbuka siku moja ya masika pale Mbinga mjini, mwanangu, nilipomwambia mama wa watu agawe nguo zake ili kazi yangu ipendeze. Nilikuwa na umri kama wako huo, seremala ambaye ndiyo kwanza nimeaminiwa kutengeneza chumba kizima peke yangu, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Wazee husema ujana ni moshi. Wangu ulikuwa umeniingia machoni.

Nilipanda milima kutoka Mbamba Bay, kwetu ziwani, kuja kujifunza kazi kwa Mzee Kapinga, Mmatengo mwenye karakana nyuma ya soko. Mteja wetu alikuwa Mwalimu Nombo. Alikuwa amesoma mwaka mmoja Uswidi, akarudi na picha ya chumba alicholala huko. Mwanangu, kile chumba! Kuta nyeupe, mbao nyepesi zisizopakwa rangi, kitanda cha chini kisicho na nakshi, dirisha pana, basi. Hakuna kabati lililomeza ukuta, hakuna masanduku yaliyopandiana, hakuna kalenda tatu za miaka iliyopita. Niliipenda picha ile hata nikaomba niende nayo nyumbani. Mpaka leo mkiniletea simu zenu zenye vyumba vya namna hiyo, mnadhani mzee atabeza. Sibezi ng'o. Watu wa kule wanajua kuuachia mwanga nafasi yake, na mimi nawavulia kofia.

Basi nikapiga randa mbao za misindano wiki mbili. Kitanda nikakifanya cha chini, kimenyooka. Kwa ajili ya nguo nikafunga ukutani mti mmoja wa kutundikia, kama picha ilivyoonyesha, unaotosha mashati ya Mwalimu na suruali zake. Kila kipimo nilikubaliana na Mwalimu. Mkewe, Mama Tekla, nilimwamkia tu asubuhi alipotuletea chai.

Siku ya kumaliza, mama huyo akaingia na sanduku lake la bati, akalifungua sakafuni. Ndani yake mlikuwa na vitenge doti kwa doti, sare za kwaya, sare za harusi na misiba ya ukoo mzima, masweta ya watoto, maana baridi ya Mbinga mwezi wa sita si ya kuchezea. Na chini kabisa, ndani ya shuka, kitenge cha bluu cha marehemu mama yake. Akautazama ule mti wangu. Akanitazama mimi.

"Fundi, na hizi?"

"Mama," nikamjibu kama mjuzi, "chumba cha namna hii kinataka nguo chache. Nyingine ungezigawa."

Hakunifokea. Afadhali angefoka. Aliinama akaanza kuzikunja tena moja moja, akasema sanduku litaondoka na gari la kesho kwenda kwa dada yake kule Ngumbo. Alipofika kwenye kitenge cha bluu mikono ikasita, machozi yakamdondoka. Mwalimu akageukia dirishani. Mimi nami, nasema kweli, nilijisemea moyoni kwamba wanawake wana mambo.

Mzee Kapinga alikuwa amekuja kukagua kazi, amesimama mlangoni, na yote ameyasikia. Alipitisha kiganja ubavuni mwa kitanda, akasema randa imepita vizuri. Kisha akanishika mkono akanitoa nje, akanionyesha mlima uliokuwa mbele yetu, umejaa mashamba ya ngolo, vile vishimo vya Wamatengo vilivyopangana toka juu hadi bondeni.

"Unaona nini pale?"

"Mashimo, Mzee. Yamepangwa yakapendeza."

"Majani unayaona?"

"Hapana."

"Yamo. Mwanamume hufyeka, akayalaza kwa mistari. Mwanamke huchimba katikati, akayafunika kwa udongo. Hayo ndiyo yanayolisha mahindi. Sasa wewe umelima na mwanamume peke yake, halafu unamwambia mwanamke akatupe majani! Yule mama ulimuuliza neno gani?"

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilikuwa nimetengeneza kitanda cha watu wawili kwa kumuuliza mmoja.

Nikarudi ndani, nikapiga goti kando ya lile sanduku. "Mama, nisamehe. Usilipeleke Ngumbo. Nionyeshe nguo zako." Akanionyesha, na kila moja ilikuwa na mtu wake. Akazitenga: za kila siku, za Jumapili, za mara moja kwa mwaka. Akaniambia na jambo ambalo mtu wa ziwani nisingelijua, kwamba mvua ya huku ikikaza ukuta hunyonya maji, na nguo inayougusa huota kuvu kabla ya Pasaka. Kuuliza si ujinga, mwanangu. Ujinga ni ule wangu wa kumwambia agawe kabla sijamuuliza.

Tukakiinua kitanda shubiri mbili. Chini yake nikatengeneza droo nne ndefu, mbili upande wa mama, mbili upande wa Mwalimu, bila vishikio, ila mkato wa kuingiza vidole. Tukakisogeza mbali kidogo na ukuta, hewa ipite. Ukisimama mlangoni ulikuwa huoni ila weupe, mbao na mwanga, na sanduku zima limo ndani. Mwalimu alicheka kwa furaha, akasema hata Uswidi hakuona kitanda cha aina hiyo. Mzee Kapinga yeye alichuchumaa akifungua droo na kuifunga, akifungua na kuifunga, kama mtoto aliyepewa gari la mabua. Niliwapenda sana watu wale.

Mwaka juzi binti yao wa mwisho, mdogo wake Tekla, aliolewa, nami nikaalikwa kumuaga. Mama yake, ambaye sasa ni mzee kama mimi, alipiga goti kando ya kitanda kilekile, akaingiza vidole, droo ikatoka bila kukwama. Akatoa kitenge cha bluu, kikavu, rangi yake ileile, akamfunga binti yake mabegani.

"Hiki cha bibi yako," alimwambia. Kisha akanigeukia. "Fundi, wewe ulitaka nikigawe."

Tukacheka wote mpaka machozi. Yangu hayakuwa ya kicheko peke yake.

Basi mwanangu, vipende vyumba vyeupe, na mimi navipenda. Lakini kabla hujakata ubao, kaa chini na mwenye nguo, na hasa yule ambaye hakuna aliyemuuliza. Chumba kipendeze kwa sababu kila kitu cha watu kimepata mahali pake. Ukioa fanya vivyo hivyo, hata pasipo na ubao wa kukata.

Mungu akujalie chumba chenye mwanga, mwenzio alale humo bila kinyongo, na siku wajukuu wako watakapovuta droo, wakute ulichowatunzia ni kikavu.