Nilimsimamisha Chini ya Kiungo Chake

Nilimwambia mzee wa miaka sitini na moja asimame chini ya tani nne za mchanga. Akasimama.

Matusi yenu yawekeni kwanza. Nikimaliza mtanimwagia yote kwa pamoja.

Mimi ni mkaguzi wa viungo. Fundi akishaunganisha chuma na chuma kwa moto, nakuja na tochi na kipimo changu, nakagua, halafu nasema ndiyo au hapana. Nikisema hapana, hata mwenye jengo hanipiti. Mkataba ndio unanipa hiyo jeuri.

Yule mzee tulikuwa tunamwita Cheche. Ndiye aliyenifundisha kuchomelea nikiwa na miaka kumi na tisa, kwenye karakana yake.

Na ndiye aliyeniaibisha.

Nilichomelea geti, kiungo kikaachia mbele ya mteja. Cheche hakunifokea. Alichukua kile kipande, akakifunga waya, akanivika shingoni. "Kaa nacho mpaka jioni, uujue uzito wake."

Mafundi walicheka mpaka wakashika mbavu. Mteja akacheka. Dada aliyekuwa anauza vocha ng'ambo ya barabara, ambaye nilikuwa nammezea mate miezi yote ile, naye akacheka.

Kuanzia siku hiyo jina langu likawa Bovu. Miaka kumi na minne naitwa Bovu, mpaka na shemeji zangu.

Basi bwana, siku napangiwa kukagua jukwaa la chuma kwenye ghala jipya, namwona nani juu ya ngazi? Cheche! Karakana yake ilishakufa, sasa anachomelea kazi za watu.

"Ah, mwanangu!" Akashuka, anajifuta mikono kwenye suruali. "Kumbe mkaguzi ndiye wewe? Nimefurahi, nakwambia!"

Shikamoo sikumpa. Nikamwambia, "Lete karatasi zako."

Akatoa cheti chake cha uchomeleaji. Kwenye mkataba, fundi asiye na cheti hai hagusi kiungo hata kimoja, na cheti kinabaki hai pale tu mkaguzi anapokisaini kila miezi sita. Chake kilibakiza wiki tatu.

"Chuo cha ufundi wamenikubali nikafundishe," akasema kwa sauti ya chini. "Wanachotaka ni cheti kiwe hai. Saini yako tu, mwanangu, niachane na hizi ngazi. Magoti yamegoma."

Nikakitia mfukoni mwangu. "Tutaiona kazi yako kwanza."

Ndani roho ilikuwa inanisuuzika. Acha niseme ukweli, sijawahi kufurahi vile, hata siku ya harusi yangu.

Kiungo chake cha kwanza kilikuwa cha boriti kubwa, pale inapokutana na nguzo. Nilikimulika juu na chini, nikakipima mara tatu. Hakikuwa na tundu wala ufa, na unene ulikuwa sawasawa na mkataba. Kwa kweli hata mimi nisingeweza kukichomelea vile.

Nikaandika: hapana.

"Kina nini?" akauliza.

"Mkaguzi ni nani kati yetu?"

Akapanda na grainda, akakisaga chote, akachomelea upya. Nusu siku juu ya ngazi, na yale magoti.

Nikarudi. Hapana.

Akarudia tena. Hapana.

Sasa hapo nisikilizeni vizuri. Mkataba ulisema kiungo kinarudiwa mara mbili tu. Kikikataliwa baada ya hapo, unakata kile kipande na kuweka chuma kipya. Hiyo haikuandikwa kwa mapambo. Chuma ukikipiga moto mahali palepale kila siku kinakauka, kinavunjika kama biskuti. Na aliyenifundisha hilo ni Cheche mwenyewe.

Lakini nikiagiza chuma kikatwe, ataletwa mkaguzi wa pili athibitishe. Na huyo angecheka, maana kiungo kilikuwa kizima. Kwa hiyo kwenye fomu niliandika kwamba kimerudiwa mara moja, basi.

"Rudia," nikamwambia.

Cheche akaniangalia. "Mwanangu, hii itakuwa mara ya tatu. Tukate tuweke kipya. Nitabeba mwenyewe."

"Mkataba nausoma mimi. Wewe choma."

"Chuma kimechoka, mwanangu."

"Cheti unakitaka au hukitaki?"

Akapanda. Akarudia mara ya tatu. Kesho yake nikamrudisha mara ya nne. Nilikuwa nakaa chini kwenye ndoo, miguu nimeinyoosha, namtazama anavyohema. Mara hiyo ya nne aliteleza ngazini akachubuka kidevu, akafuta damu kwa glavu, akaendelea. Mimi nilikuwa nakula karanga.

Nikakipitisha kile kiungo. Cheti sikusaini. "Baada ya kupima mzigo," nikamwambia.

Mkataba ulitaka jukwaa libebeshwe mifuko ya mchanga, tani nne, kabla ya kukabidhiwa. Na ulisema wazi: mtu asikae chini.

Ila mafundi wa zamani walikuwa na desturi yao. Siku ya kupima, mwenye kiungo anasimama chini ya kiungo chake. Cheche alikuwa anatusimulia hayo karakanani kifua mbele, kwamba fundi asiyethubutu kusimama hapo hajamaliza kazi.

Asubuhi ile vibarua walikuwa juu wanapanga mifuko. Cheche alikuwa mbali kabisa, karibu na mlango.

Nikamfuata. "Vipi, Mzee? Mbona huku?"

"Mkataba unakataza."

"Wewe si ndiye uliyetufundisha? Au hiyo ilikuwa ya wanafunzi tu?" Nikatoa cheti chake mfukoni, nikafungua kalamu. "Nenda kasimame, nikusainie ukiwa palepale."

Alikitazama kile kiungo. Alijua, jamani. Alijua kuliko mtu yeyote pale ndani.

Nikamnyanyulia utepe wa hatari apite.

Akapita.

Sikuwa nataka afe, hilo niaminini. Nilitaka aogope tu, watu wamwone anaogopa. Nilitaka nani acheke, hata sijui.

Mlio wenyewe haukuwa mkubwa. Kiungo kilisema ta! kama mtu aliyekanyaga kijiti. Boriti ikashuka upande mmoja, na mifuko ikamwangukia Cheche.

Vibarua walikuwa upande wa pili, hawakuumia. Cheche walimtoa hai. Mkono wa kulia, ule wa kushikia moto, ulikatwa chini ya kiwiko siku hiyohiyo.

Wiki iliyofuata wakubwa wa mradi wakaita kikao cha kuchunguza ajali. Cheche akaletwa kwenye kiti cha magurudumu, bado ananuka dawa. Akasema yote. Mara nne, utepe, kalamu. Hakuongeza hata neno.

Wakafungua fomu zangu. Zinasema kiungo kimerudiwa mara moja tu. Pembeni ya kiungo, namba ya Cheche imegongwa kwa nyundo kama mkataba unavyotaka, kuonyesha kazi ni yake. Vibarua walikuwa juu, hawakusikia lolote.

Wakanigeukia. "Mkaguzi, unasemaje?"

Cheche alinitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananisubiri, kama alivyokuwa akinisubiri karakanani niseme kosa langu mwenyewe.

Nikatikisa kichwa kwa huruma. "Mzee wangu huyu, ndiye aliyenilea kikazi. Naona dawa za maumivu zinamchanganya. Msimlaumu."

Wakaniamini. Mmoja hata akanipa pole.

Cheti kikafutwa. Chuo kikaambiwa. Cheche akasukumwa nje, na pale mlangoni akasema, "Bovu." Mara moja tu. Tangu aliponivika kile chuma, watu wote waliniita hivyo isipokuwa yeye.

Nikajua yameisha.

Kesho yake meneja wa ujenzi akaniita ofisini kwake, ghorofani. Akanisogeza dirishani bila salamu. Kutoka pale unaliona ghala lote kwa ndani, nguzo kwa nguzo.

"Nilikuwa nahesabu," akasema. "Ulimpandisha mara nne. Na utepe ulinyanyua wewe."

"Sasa mbona ulinyamaza, bosi?"

"Mkaguzi mkali ana faida gani kwangu?" Akaniwekea mezani rundo la fomu. Viungo vya jengo lingine, ambavyo sikuwa hata nimevitia machoni. "Saini."

Nikasaini.

Huu ni mwaka wa tatu. Nimepandishwa cheo, nina gari la kazini. Nimeona viungo vilivyojazwa matambara katikati vikapakwa rangi juu. Nimeona boriti iliyoshikwa kwa matone manne tu ya kuchomelea. Zinaletwa fomu, nasaini. Tangu mkono wa Cheche ukatwe, sijaandika hapana hata mara moja.

Wewe uliyepewa kalamu ya kupitisha kazi za watu, nikuachie hili. Siku utakayoikataa kazi nzuri kwa kinyongo, kuna mtu atakuwa anakuangalia. Huyo ndiye atakayekuletea mbovu zote, na utazipokea.

Jana nimesaini ngazi za shule. Wanafunzi wanaingia Jumatatu.