Sawa Si Ladha

Kasiva Musyimi hakuwahi kuwa mwenyekiti wa kitu chochote, na jina lake halikuandikwa popote isipokuwa kwenye kitambulisho na kwenye daftari la kikundi chetu cha akina mama. Lakini hapa Matiliku ukisema "Mama Kalunde wa sufuria" hata mtoto angekuonyesha mlango wake. Alipikia harusi zetu, mazishi yetu na mikutano ya kanisa. Tulikuwa majirani miaka ishirini na sita. Kuna neno moja nililomwambia, neno dogo, na nimelitubu mbele za Mungu lakini bado halijanitoka. Ndiyo maana ninamwandika.

Alikuwa msichana wa miaka kumi wakati wa njaa ya themanini na nne. Alinisimulia habari hiyo mara nyingi tukichambua mbaazi. Walikula mahindi ya manjano ya msaada asubuhi na jioni, mengine yakinuka gunia. Siku moja nyanya yake akafungua pindo la leso, akatoa pilipili moja kavu aliyokuwa ameificha, akaiponda na chumvi kidogo, akampakia kila mtoto kwenye chakula kwa ncha ya kidole.

"Tulitoka machozi na makamasi," Kasiva alikuwa akisema, "na tukacheka mpaka jirani akaja kuuliza tumeletewa nini. Mahindi yalikuwa yaleyale, Mama Kimeu. Lakini siku hiyo tulikula. Zile siku zingine tulikuwa tunajazwa tu kama magunia."

Mimi sikukuzwa hivyo. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, na kwake mtu alikula akashiba, akanyamaza, akarudi shambani. Kusifu chakula kulikaribia ulafi. Kwa hivyo mimi na Kasiva tulibishana miaka yote, bila hasira.

"Mungu angetaka tushibe tu, angetupa tumbo aache ulimi," angeniambia.

"Ulimi alitupa wa kumsifu."

"Wa kumsifu angeuacha laini kama mgongo wa kijiko. Mbona akaujaza vipele vya kuonjea? Alikuwa anacheza?"

Jumapili moja Mchungaji Mbuvi alihubiri juu ya anasa, akatukemea sana. Baada ya ibada tukampa chakula. Kasiva alikuwa amepika muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa kwa kinu, na mbaazi mbichi na kitunguu cha kukaangwa hadi kiwe karibu cheusi. Hiyo ya kitunguu alifundishwa na Rahmo, mama Msomali mwenye hoteli Sultan Hamud, alipokuwa akimfanyia kazi kabla ya kuolewa. Mchungaji akarudisha sahani aongezwe mara ya kwanza, akarudisha mara ya pili. Kasiva akapaza sauti kutoka jikoni, "Mchungaji, hiyo ya tatu ni huduma ama ni anasa?"

"Huu ni uchunguzi, mama," mchungaji akasema, na watu wakacheka mpaka viti vya plastiki vikalia.

Mumewe alikuwa amefariki zamani, na mtoto wake alikuwa Kalunde peke yake. Maisha hayakumpa vitu vingi. Lakini sikuwahi kumwona akila amesimama, au akila huku anawaza mambo mengine. Hata chai kavu aliikalia chini.

Mwaka wa 2021 korona ikampata. Alilala wiki mbili na akaamka, tukamshukuru Mungu kanisani kwa makofi. Wiki ileile alikuwa akikaanga kitunguu, na aliona moshi kabla hajanusa chochote. Akatia kidole kwenye chumvi, akalamba. Akalamba tena. Kisha akaja kwangu na mkebe wa chumvi mkononi, akaniuliza kama hiyo ni chumvi kweli ama muuza duka amemuuzia unga wa mawe.

Kliniki walimwambia ladha itarudi. Kwa wengine ilirudi. Tulingoja miezi mitatu, ikawa sita, ikawa mwaka.

"Yangu imepotea njia," alisema.

Akaanza kukonda. Nilimkuta siku moja na sahani ya ugali na mboga mbele yake, imepoa. Nikamwambia maneno niliyoyafikiria kuwa ya kumfariji, kwamba chakula ni cha kutupa nguvu ya kumtumikia Mungu, na nguvu zake bado zilikuwapo.

Akainua uso.

"Basi umeshinda, Mama Kimeu. Miaka yote tumebishana, umeshinda. Sasa nakula vile wewe unataka watu wakule. Ni mahindi ya themanini na nne tena, na nyanya hayuko."

Akaisukuma ile sahani. Mimi nilirudi nyumbani nikalia, kwa sababu sikutaka kushinda hivyo.

Kilichomwinua ni kazi. Kulikuwa na mazishi upande wa mtoni, wakamwita kama kawaida, naye akaona aibu kukataa. Akanivuta pembeni. "Nikopeshe ulimi," akasema. "Mkono ninao. Wewe onja, uniambie."

Nikaonja mchuzi wa kwanza.

"Iko aje?"

"Iko sawa."

"Sawa si ladha! Sawa ni ya mtu akiulizwa habari za nyumbani. Chumvi inakuja mwanzo ama mwisho? Kitunguu kimelala ama bado kinapiga kelele?"

Sikujua. Nilikuwa na miaka hamsini na mbili na sikuwahi kuulizwa. Nikaonja tena, nikafunga macho, nikamwambia kitunguu kama kinapiga kelele kidogo, upande. Akafurahi kana kwamba mimi ni mtoto aliyesema neno lake la kwanza. Akakipa dakika kumi zaidi juu ya moto.

Tukaenda hivyo karibu miaka miwili. Yeye alipika, mimi nilionja na kusema, na watu hawakujua tofauti. Alipokuwa akiwaangalia wakila alimeza mate nao, na hata yeye mwenyewe akawa anakula kidogo, nikiwa nimekaa karibu nikimweleza. Na jambo lingine likatokea, ambalo niliona haya kulitaja hata kwa maombi. Mimi nilianza kusikia utamu. Viazi vitamu vya kuchoma, maziwa ya mbuzi, ganda la embe. Baba Kimeu akaniuliza mezani, "Siku hizi unatafuna umefunga macho. Unaomba?" Niliona kama nimemwibia mwenzangu kitu na bado ninakitumia mbele yake.

Ndipo Kalunde akapata mchumba, kijana wa Tseikuru, kule mwisho kabisa wa Kitui. Ikapangwa siku ya ntheo, wakwe walete mbuzi zile tatu za mila yetu, Kalunde ahesabiwe mke wa watu kikamili. Tulimwambia Kasiva kwamba mama wa msichana hakai jikoni siku hiyo, anakaa kwa tenti na kitambaa kipya.

"Mtoto ni mmoja," akasema. "Nimepikia watoto wa kila mtu. Nitakalia kiti?"

Siku yenyewe alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu ugonjwa. Alikuwa na sufuria mbili kubwa za muthokoi. Akatia chumvi ya kwanza, gari la wakwe likapiga honi barabarani, akakimbia kuchungulia, akarudi anacheka, akaitia tena kwenye sufuria ileile. Mimi nilikuwa nikikata kabichi na sikuona, niliyaunganisha baadaye. Akaniletea kijiko.

"Iko aje, mwendwa wangu?"

Ilikuwa chumvi tupu. Ilinikamata kooni. Na ile sufuria ya pili ilikuwa bado haijatiwa hata punje moja. Tungechanganya tu, nusu kwa nusu, na hakuna mtu angejua. Ni jambo la dakika tano. Lakini nilitazama uso wake, nikaona nikimwambia amekosea leo, siku ya Kalunde, huo uso utaanguka. Nikafikiri labda wageni wana njaa ya safari, hawatasikia.

"Iko sawa," nikasema.

Akaniamini, na ile sufuria ndiyo ikapelekwa kwa wakwe.

Kasiva mwenyewe aliwapakulia, akasimama pale na mwiko akingoja, vile alivyozoea kungoja. Wazee wakaweka kijiko mdomoni, wakatazamana. Mjomba wa bwana harusi, mzee mmoja aitwaye Ndolo, mtu wa mzaha, akaita maji. Akaita tena.

"Wakwe zetu wametupenda," akasema. "Chumvi tumeiona. Sasa tunangoja chakula."

Tenti nzima ikacheka. Kasiva akacheka pia, maana hakuelewa, alifikiri ni mzaha wa wakwe tu. Kisha akaona sahani zikiwekwa chini ya viti. Akageuka, akanitafuta kwa macho katikati ya watu wote wale.

Ntheo iliisha vizuri, mbuzi zilipokelewa, na Kalunde hadi leo ana ndoa njema. Jioni jua likiwa bado juu ya mlima tulikuwa tukisugua sufuria na mchanga, mimi na yeye.

"Ulionja?" akaniuliza.

"Nilionja."

"Ukasikia?"

"Nilisikia."

"Ukaniambia nini?"

Nikainama nikasugua sufuria. Akasuuza mwiko wake, akaukausha kwa leso, akampa msichana wa jirani. Hakunifokea. Kesho yake alinisalimia kama kawaida, na kila siku baada ya hapo. Lakini hakuniuliza tena chakula kiko aje, na hakupikia watu tena. Nilipomwomba msamaha alisema amenisamehe, na ninajua alinisamehe. Lakini ulimi aliokuwa amekopa alikuwa ameurudisha.

Mwaka uliofuata alikula kidogo, kisha kidogo zaidi. Hospitali waliandika damu, wakaandika figo. Mimi si daktari, siwezi kusema ni mimi niliyemwua. Nasema tu kwamba nilikuwa kijiko chake cha mwisho, na nilimdanganya kwa sababu ya upole.

Kalunde alipokuja kutoka Tseikuru kumuuguza, mama yake alikuwa amekataa chakula siku mbili. Nikapika muthokoi mimi mwenyewe, nikaupeleka kwenye kibakuli.

"Umepika wewe?" Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Mimi."

Akageuza kichwa kuelekea kibakuli. Halafu akasema, "Iko aje?"

Ile "sawa" ilifika hadi kwenye meno yangu. Nikaimeza.

"Chumvi imepungua," nikasema. "Mbaazi haijaiva katikati, inakwaruza. Na imeshika chini, kuna kamoshi."

Akafungua macho. "Kamoshi kako wapi? Mwanzo ama mwisho?"

"Mwisho. Ukishameza, ndipo kanarudi."

"Ulichoma kuni gani?"

"Mgunga."

"Mgunga huwa na kamoshi katamu." Akatafuta mkono wangu juu ya blanketi. "Nipe."

Alikula vijiko vitatu, polepole, nikimweleza kila kimoja. Cha tatu alikikalisha mdomoni kwa muda mrefu.

"Wewe ni mpishi mbaya, Mama Kimeu."

"Najua."

"Lakini leo nimekula."

Alifariki Alhamisi, asubuhi, Kalunde akiwa amemshika kichwa.

Bado naamini Mungu alituumba tumsifu. Lakini nakumbuka miaka mingi ambayo nilifumba macho mezani nikashukuru kwa vitu ambavyo sikuvionja, na sijui alizipokeaje shukrani hizo. Nikifika nitamwuliza, kwa heshima.

Siku ya mazishi akina mama walipika nyuma ya nyumba, penye mafiga ya Kasiva mwenyewe. Walipomaliza waliniletea kijiko, kwa mazoea tu. Nikaonja. Muthokoi ulikuwa mtamu, kitunguu kimelala vizuri, chumvi ikija mwisho. Nikageuka kumwambia.