Tundu la Juu

Tulihamia kwenye gari la kulala wakati paa la nyumba yetu ya Azaiba, Maskati, lilipobomolewa kujengwa upya. Mume wangu aliliegesha kiwanjani kwetu, karibu kabisa na barabara kuu. Mama alikuwa akiishi nasi. Kaka yangu alitaka kumchukua kwake Sohar mpaka ujenzi uishe, na mimi nilijua akishazoea huko, kurudi kutakuwa kazi. Mama mwenyewe akatoa sharti.

"Nkiweza kulala mchana humu ndani, nnakaa. Nkishindwa, nnakwenda."

Siku ya kwanza hakulala. Malori yalitikisa vikombe kabatini, naye akawa anayatambua kwa mlio. "Hilo limebeba. Hilo tupu, linarudi."

Nikapitisha kiganja kila pembe kuhisi upepo, maana unakopita ndiko kelele zinakoingilia: mlangoni, chini ya sinki, na zaidi kwenye kidirisha cha darini. Nikaenda madukani mtaa wa Ghala kununua mipira ya milango na sponji, nikaziba kila tundu. Mama alinisaidia kwa moyo mmoja, kwa sababu yake mwenyewe. Kwetu upepo wa tunduni unaogopwa kuliko mvua, na asubuhi za Maskati wakati ule zilikuwa baridi. Bati la gari liliivuta yote ndani.

Malori yakawa mbali. Lakini kulipokucha kuta zilikuwa zimelowa. Pumzi zetu, mvuke wa birika na kanga mbichi alizoanika Mama juu ya jiko havikuwa na pa kutokea. Tone lilidondoka kwenye msala wake. Blanketi lilikuwa na unyevu, baridi imezidi, na Mama anakohoa.

"Ntakuja Ijumaa kumchukua," kaka alisema kwenye simu. "Mama si samaki wa kopo."

Nikafungua kidirisha cha juu.

"Unataka kuniua?" Mama akauliza.

"Baridi hii tunaipika wenyewe, Mama. Nipe mpaka Ijumaa."

Kuta zilikauka, kikohozi kikatulia, na kelele zikarudi, kama nilivyotarajia. Mume wangu akaligeuza gari ili kitanda cha Mama kielekee ukuta wa jirani. Tukatundika busati zito la sebuleni upande wa barabara. Kanga zikaanikwa nje, na chai ikapikwa nje.

Ijumaa kaka alifika baada ya sala. Tulikula wali kivulini, kisha Mama akaingia ndani kujinyoosha. Kaka alikaa na funguo mkononi. Lori likapita likipiga honi ndefu. Tukatazamana. Ndani kukawa kimya, halafu tukasikia mkoromo.

"Anajifanya," kaka alinong'ona.

"Shemeji, mkoromo huo si wa kujifanya," mume wangu akamjibu.

Kaka akaweka funguo mezani, akaomba chai. Alasiri Mama alitoka, uso una alama za mto, akamkuta bado amekaa.

"Wewe hujaondoka tu? Barabara itajaa hiyo."